Mkono Kwenye Gurudumu

Tunduma

Shikamoo shangazi Restuta,

Mahindi uliyotuma yamefika, ahsante.

Wale Waskoti wanaofuatilia ukoo wao wa mafundi wa magari ya farasi kule India enzi za ukoloni, wamejibu. Niliwatumia picha ya babu Manase kando ya gari la ng'ombe lililoundwa na baba yake, Mskoti wa ukoo huohuo aliyetoka India kuja Mbozi. Gari wamelisifu, wameliweka kwenye historia yao. Babu wamemkata pichani. Umebaki mkono wake tu kwenye gurudumu.

Uliniambia, "Mwanangu, hao hawatuhitaji," nikakubeza.

Babu akiuliza kama ndugu zake wamejibu, mwambie bado. Krismasi siji huko Isansa. Akiniuliza mimi uso kwa uso, nitamwambia ukweli.

Mwanao,
Ruti