Kinanda Kilichoinyamazisha Harusi ya Nyamvula

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
9 Juni 1946

Mpendwa mdogo wangu Mwanasaumu,

Salamu zangu zikufikie huko Tanga ukiwa na afya, wewe na shemeji na watoto. Goti lako limepoa? Sisi wazima, ila kuku wamekwisha kwa kideri.

Mwanangu Nyamvula ameolewa, alhamdulillahi. Najua umesikia kwamba nyumbani kwa Mwinyihaji kulipigwa kinanda, ukasema dada yako amechanganyikiwa. Tulia nikueleze.

Mume wangu Mwinyihaji unamjua. Kinanda kwake haramu, ngoma upuuzi, na vigelegele anavivumilia kwa kuwa hana la kufanya. Nyamvula naye ana kichwa cha babake: akaapa hatoki chumbani kuolewa kimya kama anazikwa. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi ndimi.

Basi hapa tuna mgeni, Bwana Liu, Mchina, karani wa meli inayotengenezwa Kilindini. Alipougua homa, Faki mwana wa kaka alimleta tumuuguze. Alikuja na ubao mrefu mweusi wenye nyuzi saba na vidoa vya ganda la chaza. Nusura niuanikie samaki. Faki akamuuliza kwa Kiingereza, akanieleza kuwa ni kinanda, na kwamba huko China hakipigwi sokoni wala penye makelele. Hupigwa na msomi, peke yake au mbele ya rafiki mmoja anayemwelewa. Ila Kiingereza cha Faki ni cha bandarini, na hakusema msomi. Alisema mwanachuoni, kama shehe wa dini.

Hapo nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia Mwinyihaji kiko kinanda cha wanachuoni, tena kwao asiyekijua hahesabiwi kuwa amesoma. Akapiga astaghafiru mpaka kahawa ikapoa. Mwisho akasema atakisikiliza mwenyewe, ndipo ahukumu.

Bwana Liu akanawa mikono, akafukiza udi, akatulia kwanza. Adabu ile ilimwingia mume wangu, nilimwona. Kisha nyuzi zikaguswa. Mdogo wangu, paka anayekwaruza mlango ana kelele zaidi. Mwinyihaji akasogea, akasogea tena, mpaka ndevu zikagusa ubao. Akainuka, akasema: "Siwezi kuharamisha nisichokisikia. Kipigwe."

Siku ya harusi tulimweka Bwana Liu nyuma ya pazia. Nyamvula akauliza kinanda chenyewe kiko wapi, mbona hasikii kitu. Ikabidi wanawake tunyamazishane. Hata wifi Nyevu alifunga mdomo, jambo ambalo sijaliona tangu niolewe. Na kweli, polepole tukakisikia: sauti ndogo, ya mtu aliye mbali na kwao. Nikamshika mwanangu mkono, nikalia.

Kumbe wanaume barazani wanasikia nyumba ya harusi imezizima. Mwinyihaji akajua bintiye amemkataa mume, au amezimia. Akaja mbio, kiatu kimoja mguuni, akagonga mlango, akaita: "Nyamvula, mwanangu! Pigeni hata ngoma, lakini msininyamazie hivi!"

Mimi ni mke mtiifu. Ngoma ilitoka uvunguni mwa kitanda changu kabla hajamaliza kusema.

Nisalimie shemeji Kombe, na mama mkwe wako, na Mapenzi wa jirani. Mola awafungulie kila la heri na awaepushe na shari.

Ni mimi akupendaye daima,
dada yako Mwanakheri