Eda ya Mke wa Taha

Mama Nasra, mke wangu,

Nakusalimu kutoka Firq, huku ughaibuni. U hali gani? Mguu wa mama umepungua maumivu? Na Nasra kikohozi kimemwachia? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila roho haiko pahala pake. Umeniuliza kwa nini sipigi simu. Nikipiga utaisikia sauti yangu na utaanza kulia kabla sijasema lolote, ndiyo maana nakuandikia.

Unamjua Idrisa, yule Msudani ninayelala naye chumba kimoja, tunachomelea mageti pamoja. Kwao wanatawala wanajeshi. Mdogo wake, Taha, mwalimu, alichukuliwa na askari mbele ya mkewe, kwa kuwa alisema hadharani kwamba wanafunzi wake wamepigwa risasi. Hakuonekana tena.

Baba yao alishafariki, Idrisa ndiye mkubwa, neno ni lake. Shemeji yake kila akipiga simu anauliza: "Kaka, mimi nina mume au nimefiwa?" Akimwambia akae eda, amemzika ndugu yake kwa mdomo. Asipomwambia, mwanamke anabaki hapo hapo, si mke si mjane.

Ndipo wakatokea watu wa nje, tume inayochunguza dhuluma za wale wanajeshi. Wakili wao, mwanamke mpole mwenye Kiarabu cha vitabuni, alimpigia Idrisa akamuuliza mpaka rangi ya kanzu aliyovaa Taha. Idrisa alifurahi, akanunua halwa akatugawia karakana nzima. "Sasa dunia imejua," akasema. Akamwambia shemeji yake asikae eda, asubiri, wakubwa wameshaingia.

Tukawa tunasikiliza habari wakati wa chakula. Leo wamelaani. Kesho wamesikitishwa sana. Mara majenerali wamepigwa marufuku kwenda Ulaya. Idrisa akasema, "Baba Nasra, mimi Ulaya nimenyimwa toka nizaliwe, na sijamfungulia mfungwa hata mmoja." Tulicheka. Tume yenyewe ilikataliwa kuingia nchini, ikabaki mpakani inawahoji waliokimbia.

Wiki iliyopita akapiga mtu aliyetoka jela. Alikuwa na Taha chumba kimoja. Taha alikufa kwa kipigo zamani, kabla hata wakili hajapiga simu mara ya kwanza. Idrisa akamuuliza kaburi liko wapi. Hajui.

Wakili naye akapiga siku ile ile, na habari njema, kwamba kikao kikubwa cha mataifa kitawajadili majenerali. Idrisa akamwambia, "Mwanangu, waombe wamuulize jenerali amemzika wapi. Hilo tu." Yule mwanamke akalia. Ni mtu mwema, mama Nasra, ila hana wa kumfungulia mlango.

Tukaenda kwa imamu kumuuliza eda ianze lini. Akasema eda huhesabiwa toka siku mume alipokufa, mke ajue asijue. Imeshapita. Imepita na yeye anampikia mumewe, anampigia pasi kanzu, kwa sababu sisi tulimwambia asubiri.

Idrisa alimpigia mbele yangu, hakuzunguka. Nikamsikia shemeji yake upande wa pili: "Hata kumkalia eda nimenyimwa?" Akasema tena, taratibu, "Mimi nitakaa, kaka. Waache waseme imepita."

Basi ameingia ndani, amevaa nguo za eda, na majirani hawajui waende kumpa pole au wamwache. Ukisoma Yasini Alhamisi, mtie Taha, na mwombee yule mke. Huku Idrisa anachomelea bila miwani, nimeshamgombeza, hasikii.

Nisalimie mama na mguu wake, kaka yako fundi cherehani, na shangazi anayekulindia mlango ukienda kisimani. Nasra mbusu. Na wewe, siku yangu ikinifikia huku, usikubali mtu yeyote akwambie usubiri.

Ni mimi mumeo,
Baba Nasra