Pini ya Trekta la Pugu

Baba Severa,

Maharage yako jikoni, chumvi nimeshatia. Kesho asubuhi Severa asitoke kwenda shule bila kunywa uji.

Leo asubuhi wewe na shemeji Marcelino mlikaa mezani kuchagua jembe lifungwe vipi kwenye trekta letu. Mkachagua ile mikono mitatu inayoinua jembe kwa msukumo wa mafuta ya pampu, eti kwa kuwa mliiona dukani inang'aa. Nikawaambia trekta letu ni la zamani, halina pampu ya kuinua kitu. Linakokota tu, kwa kile chuma chenye tundu na pini. Ukanijibu, "Mama Severa, ongeza chai."

Chai! Misimu minne nani analima shamba letu la Pugu? Marcelino anaendesha lori la soda, udongo anauona dirishani.

Chuma chetu cha kukokotea kimepinda, nakipeleka mtaa wa Gerezani fundi akinyooshe, kisha napanda basi la Pugu. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi nikimaliza kulima.

Mikono yenu inunueni, muitundike ukutani. Pini ninayo mimi, nimeifunga kwenye pindo la kanga.

Chai imo kwenye birika. Mimina mwenyewe.

Mama Severa