Mara Kumi na Tisa Tu

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai sukari imetulia na cherehani haikusumbui. Mimi mzima wa mwili, moyo ndio umenywea.

Kamati ya chuo imeninyima cheo. Wanasema miaka yote hii ya utafiti nimechapisha makala nne tu, na watafiti wengine wamezinukuu mara kumi na tisa. Za mwenzangu wa ofisi ya jirani zimenukuliwa mara mia nne. Mwenyekiti alinisomea namba hizo polepole, kama anayempa mgonjwa majibu mabaya. Nikasema asante, nikaenda kujifungia chooni.

Mwanao

15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi sijambo, cherehani ndiyo inakohoa.

Kunukuliwa si ndiyo mtu kusema "fulani alisema hivi"? Basi kumi na tisa si haba. Mama yako tumeishi naye miaka yote hii, hajaninukuu hata mara moja, ila kunigombeza. Hapa anachungulia barua begani kwangu, anasema ule vizuri.

Lakini hizo makala zinahusu nini? Au uliniambia, nikaitikia tu huku nakata kitambaa?

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Mko salama kweli? Nimekuandikia tena na tena, kimya. Mama nikimpigia simu anasema "baba yako yupo," halafu anaanza habari za majirani.

Kampuni moja ya dawa inanitaka kwenye mauzo. Wanangoja jibu mwisho wa mwezi, na nadhani nitakubali. Uliuliza makala zinahusu nini: kubwa kuliko zote inahusu miguu ya wagonjwa wa sukari. Nani anataka kusoma habari za miguu?

Mwanao

20 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Usimlaumu mama yako, mimi ndiye niliyemkataza kukwambia. Nilikuwa nimelazwa.

Nilikwenda kliniki kupima sukari, muuguzi akasema, "Mzee, vua viatu."

"Nimekuletea sukari, miguu yangu haina shida."

"Hapa kila mwenye sukari anavua."

Akachukua kijiuzi kigumu cha nailoni, akaniambia nifumbe macho. Nikangoja, nikangoja. "Anza basi," nikamwambia.

"Mzee, nimeshakugusa mara tatu."

Akainua unyayo: kidonda, na ndani yake pini. Pini yangu mwenyewe ya kushonea! Nimeikanyaga sijui tangu lini, wala sikuhisi. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, mguu ungekatwa. Nami cherehani yangu ni ya kukanyaga.

Nilipopata nafuu nikamuuliza yule muuguzi nani aliwafundisha kushikashika miguu ya wazee. Akasema, "Walikuja watafiti wa chuo. Kulikuwa na daktari mmoja mwanamke, akicheka wanamsikia hadi wodi ya pili. Alikaa nasi sakafuni, tukapima mguu mmoja baada ya mwingine. Baada ya utafiti wake ndipo kliniki zote za wilaya hii zikaanza hivi."

Nikamwambia, "Kicheko hicho nimekilea mimi." Hakuamini mpaka mama yako alipoleta picha yako. Basi wauguzi wakaja mmoja mmoja kunipa mkono, utadhani ni mimi niliyetafiti.

Kazi chagua mwenyewe, sikuingilii. Nimeandika kukushukuru tu. Asante, mwanangu. Naikanyaga cherehani polepole, lakini naikanyaga.

Baba yako

26 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na pole sana. Nimelia, nikakukasirikia kwa kunificha, nikalia tena.

Shukrani hizo si zangu peke yangu. Wauguzi ndio waliopima, na wagonjwa walikubali kuvua viatu mbele ya wageni, wengine kwa aibu. Nawe ndiye uliyenisomesha kwa mguu huo huo. Asanteni nyote.

Ile kampuni nimewaandikia kwamba siendi. Mwenyekiti wa kamati nilimsimulia yaliyokupata. Akauliza, "Anaendeleaje sasa?" Kisha akasema namba ni zilezile, niombe tena mwakani. Nitaomba. Wakikataa, kuna kliniki ambazo bado hatujazifikia.

Kesho napanda basi kuja. Usinishonee gauni, na mama asijisumbue na mapishi. Nataka nivute kiti karibu yako, nikae nikusikilize unavyoikanyaga cherehani.

Mwanao