Bibi Asiyewashwa

Mwamgongo, Kigoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana najua ya kwanza imekukuta unatafuta miwani. Hujambo? Miguu inaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mvua imewafikia, au bado mnayatazama mawingu tu? Sisi huku tu wazima, mimi, baba Shukuru na Shukuru mwenyewe, ingawa huo uzima nitakueleza ulivyo. Barua hii nimempa shemeji yangu Ramadhani anayepanda treni kwenda Dodoma, na nimemwapisha ashuke Saranda akukabidhi mkononi. Sikupiga simu kwa sababu simu hapo nyumbani ni moja, ya kaka, na kaka huweka sauti kubwa mpaka jirani anachangia maongezi. Haya si ya jirani.

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba kitu. Lile kopo la krimu nililokuletea, usijipake tena. Usilitupe pia. Litie mfukoni uende nalo hospitali, umwonyeshe daktari, na mikono yako umwonyeshe, kati ya vidole na kwenye viwiko. Uliniambia kwa simu ya kaka kwamba watoto wake hawalali kwa kujikuna, na wewe unayelala nao kitanda kimoja huwashwi hata chembe. Ukacheka, ukasema krimu ya mwanangu ni dawa. Mama, neno lile ndilo limenikalisha niandike.

Unamkumbuka Bibi Mapendo ninayekusimulia kila mara, mwenye nyumba wetu, aliyevuka ziwa kutoka Kongo akiwa msichana? Ndiye aliyenipokea nilipoolewa huku, akanifundisha kuanika dagaa mchangani, maana mimi mtoto wa bara nilikuwa nawarundika kama mtama. Shukuru alipozaliwa, mimi nikiwa mwaloni kupokea dagaa botini, yeye yuko mgongoni kwa Bibi. Krimu ile ni yake. Huletewa na jamaa zake wanaokuja na boti za biashara, na amejipaka miaka na miaka, asubuhi na jioni, mpaka uso unang'aa. Nilipokuja kukuonyesha mjukuu wako ndiye aliyenipa lile kopo. "Umpelekee mama yako," akasema, "naye aonekane mwanamuke."

Nilipokuwa kwako sikuwa na hata mkwaruzo, wewe shahidi, tulilala kitanda kimoja. Nimerudi huku, nikaanza kuwashwa kidogo kidogo kiunoni, halafu kati ya vidole, halafu Mungu wangu, kila mahali. Shukuru akatokwa na malengelenge kwenye nyayo, mtoto analia hajui pa kujikuna. Tukapewa dawa ya kupaka zahanati. Siku ya pili bado nawashwa, nikasema hii dawa ni maji matupu. Nikajipaka tena, na tena, na tena, mpaka ngozi ikaungua kama nimemwagiwa uji. Si unanijua sina subira.

Bibi hatukumpaka. Ampake nani, na hawashwi? Mwenyewe alisema, "Miye siko nasikia kitu, mwana wangu. Dawa iko ya wagonjwa." Tukaona ni busara. Tena tukasema mtoto akae naye zaidi, kwa kuwa ndiye mzima kati yetu.

Tulipona, tukaugua tena. Safari hii haikungoja hata kidogo, jana nimeona raha, leo najikuna. Na sasa wanawake wote tunaoanika pamoja wanajikuna, na watoto wao. Ndipo maneno yakaanza. Asubuhi moja tumeinama tunageuza dagaa, mmoja akanyoosha mgongo akasema kwa sauti, "Hivi nyie, mbona yule bibi hawashwi?" Kila mtu aliendelea kugeuza dagaa wake, lakini nililiona neno limeingia. Huku, Mama, na nyumbani pia si unajua, mtu akishakuwa mzee, mgeni, na balaa linawapata wengine wote kasoro yeye, basi. Siku iliyofuata hakuna aliyetaka kuanika karibu na dagaa wa Bibi. Halafu tukaamka tukakuta jivu limemwagwa mlangoni kwake, kama wafanyiwavyo wachawi. Baba Shukuru akaniambia tuhame kabla watu hawajaja na mapanga.

Nami niliamini. Sitakudanganya. Nilimfuata nimchukue mtoto mgongoni kwake, nikamwambia atalala kwangu kuanzia leo, na sikumtazama usoni. Akasema tu, "Sawa," akaanza kuifungua mbeleko. Ilimshinda. Vidole havikunjiki. Nikamshika mkono nimsaidie, nikakuta kati ya vidole na chini ya kucha ngozi imekuwa nene, ya kijivu, imepasuka pasuka, mfano wa ukoko wa ugali. Amekuwa akiifunika kwa krimu. Nikamuuliza, Bibi, hii haikuumi? "Inakaza tu," akasema. Nilijua pale pale kuwa mchawi hana mikono kama ile.

Nikampeleka zahanati, njia nzima watu wanaingiza watoto ndani. Daktari, kijana wa Kasulu mwenye sauti ya upole, alikwangua ule ukoko kidogo, akanawa mikono kama anayetaka kuichuna. Akasema upele ni wadudu, wadogo kuliko utitiri wa kuku, wanachimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Kinachokuwasha si meno yao. Ni mwili wako wenyewe umewatambua, umepiga kelele ya mwizi. Mara ya kwanza mwili hauwajui, unaweza kukaa hata mwezi na zaidi kimya, na wewe unaambukiza. Mara ya pili unawajua kwa sura, unapiga kelele siku hiyo hiyo au ya pili. Hata dawa ikishawaua, maiti zao na uchafu wao bado vimo ngozini, na mwili unaendelea kugombana nao wiki kadhaa. Nami nilikuwa najiunguza bure!

"Na Bibi?" nikauliza.

"Bibi amewalewesha walinzi," akasema, akilishika kopo la krimu alilokuja nalo Bibi. Krimu hizi zina dawa inayonyamazisha mwili, na ukijipaka kutwa kwa miaka, na uzee juu yake, mwili unaacha kupiga kelele. Sisi tunaojikuna tuna wadudu wa kuhesabika. Asiyejikuna wamezaliana mpaka wakajenga ule ukoko. Tena ile mipasuko ni mlango wa vidonda, sumu ikiingia kwenye damu inaua mtu mzima. Kwa hiyo aliyekuwa mgonjwa kuliko wote ndiye tuliyemwacha bila dawa, na tukampa mtoto ambebe. Kila tulipopona alituambukiza upya bila kujua.

Daktari akaandika apelekwe Kigoma mjini. Kwenye boti watu walijibana upande mmoja mpaka nahodha akafoka kwamba tutapinduka. Bibi alikaa peke yake upande wa pili, mikono ameificha kwenye kitenge, akitazama milima ya Gombe kana kwamba haijui. Nilikwenda nikakaa naye. Nikiwa na hofu, ndiyo, na nilijua nitawashwa, lakini nilikaa. Akaniuliza, "Mutoto yuko na nani?" Hakuniuliza lingine mpaka tunashuka.

Sasa turudi kwako, Mama. Nilipolala kitandani kwako nilikuwa tayari nina wadudu, na mwili wangu haujajua. Nikakuachia wadudu, na juu yake nikakuachia kopo la kuunyamazisha mwili. Siombi radhi, radhi tutaongea tukionana. Naogopa tu. Naogopa mikono yako isije ikawa kama ile. Na naogopa midomo ya watu. Wasije na hapo wakaanza kuulizana mbona bibi wa watoto hawashwi. Msomee kaka sehemu hii ya daktari mara mbili, na wifi pia. Mtibiwe nyumba nzima siku moja, anayewashwa na asiyewashwa, nguo na mashuka yachemshwe, na mkiendelea kujikuna baada ya dawa msijiunguze kama mimi, mwulizeni daktari.

Baba Shukuru anakusalimu, yupo nyumbani kwa kuwa mbalamwezi imewaka, dagaa hawaifuati taa, na wavuvi hawatoki. Nisalimie shangazi anayesuka mikeka, mwambie hii siyo habari ya kupeleka kisimani. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na watoto wa kaka mmoja mmoja, uwapulizie mikono yao. Mjukuu wako nyayo zimekauka, anajaribu kusimama.

Bibi Mapendo bado yuko wodini mjini. Wamemnyang'anya krimu, wanampa vidonge na kumpaka dawa, ukoko unabanduka. Jana aliomba simu ya muuguzi akanipigia. Sikumwelewa, alikuwa analia na kucheka, anasema, "Zena, leo nimejikuna! Nimejikuna mpaka wamenikata kucha!" Nilikuwa katikati ya wanawake mchangani, nikapiga kigelegele, na yule yule aliyeuliza mbona hawashwi akadondosha dagaa wake akaja kusikiliza.

Basi, Mama, shemeji atangoja hapo mlangoni mpaka umalize kusoma. Mpe jibu moja tu, anipigie. Asinipe salamu, asinipe habari za mvua.

Mimi mwanao, ninayekuombea kwa Mungu usiku na mchana uwe unawashwa,

Zena, mama Shukuru