Mashine Iliyonyamazishwa

Katumba, Mpanda
8 Machi 1998

Mdogo wangu Venant,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam. Sisi hatujambo, ila mvua za mwaka huu zimetukaa kooni. Reli imekatika mara mbili upande wa Kaliua, na barua yako ya Krismasi imenifikia juzi ikiwa imelowa, nikaianika juani kama dagaa wa Ikola. Shemeji yako Elias anakohoa lakini jembe hajaliacha. Watoto wanakula kuliko wanavyosoma. Wewe je, kifua kimepona?

Nakuja kwenye lile langu. Jumapili nilikwenda tena parokiani kusoma karatasi za majina ya watu waliopatikana kwenye makambi ya Kigoma. Nilisoma kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu, kana kwamba mama angeweza kujificha katikati. Hayumo. Julai itatimia miaka mitano tangu atuage kwamba anakwenda Burundi wiki tatu tu, akaone kama shamba la marehemu baba bado lipo, kisha arudi kutuchukua. Oktoba vita ikawaka, na hatujasikia tena habari yake.

Watu wa hapa wananiuliza: mdogo wako si ndiye anayekaa na hiyo mashine yenye majina ya wote waliopotea? Naona aibu kuwajibu. Hebu nieleze inavyofanya kazi, na uandike kwa maneno ya mtu anayelima mahindi, ili nami nijue ninangoja nini.

Dada yako,
Bernadetha


Dar es Salaam
19 Aprili 1998

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute salama, na shemeji awe ameachana na kikohozi. Mimi kifua kimepona, kilichobaki ni uchovu wa kazi.

Umeuliza, nami nakujibu. Kule makambini vijana wa shirika letu wanamwuliza mtu jina lake, jina la mume au mke, kijiji alichotoka na ndugu anaowatafuta. Wanajaza fomu ya karatasi, kisha wanaichapa kwenye kompyuta. Jioni fomu zote za siku hiyo zinatumwa kwa njia ya simu mpaka kwenye mashine yangu. Mashine inazipitia moja moja. Iliyokamilika inaingia kwenye orodha na kulinganishwa na majina ya wanaotafuta, na orodha hiyo inaweza kufunguliwa kwenye kompyuta ya Kigoma, ya Nairobi, hata ya Ulaya. Yenye pengo inawekwa kando. Wewe na mimi tumo humo kama watu wanaomtafuta mama, nilituandika siku ya kwanza kabisa.

Mashine ina daftari lake, sisi tunaliita logi, ambamo inaandika kila inachokifanya. Ujumbe wake una ngazi. Chini kabisa ni porojo: nimefungua fomu, nimefunga fomu. Juu yake kuna taarifa, kisha onyo, kisha kosa. Fomu yenye pengo inaandikiwa onyo. Kila asubuhi nilikuwa nasoma maonyo hayo na kupiga simu Kigoma wajaze palipobaki.

Shida ni kwamba mashine yetu ni mbea. Mwezi uliopita iliandika mpaka diski ikajaa, kazi ikasimama siku mbili, na mkubwa wangu akanisema mbele ya wenzangu. Na maonyo yenyewe mengi ni upuuzi mtupu: huyu hajui umri wake, yule kijiji chake hakimo kwenye ramani. Kwa hiyo wiki iliyopita nimepandisha ngazi, sasa inaandika makosa makubwa tu. Diski mpya ikija nitairudisha ilivyokuwa. Kwa sasa kuna utulivu, dada, na mkubwa amenipa mkono.

Jina la mama nalitafuta kila Jumatatu kabla sijanywa chai. Usikate tamaa, lakini pia usijipe matumaini ya kukunyima usingizi.

Mdogo wako,
Venant


Katumba, Mpanda
14 Juni 1998

Venant wangu,

Hujambo huko? Huku tumshukuru Mungu, tarehe mbili nimejifungua salama mtoto wa kike, tumemwita Agape. Elias anatembea kijijini kama vile amejifungua yeye.

Sasa kaa chini usome. Amepita hapa kijana anaitwa Celestin, anakwenda Inyonga kutafuta kibarua cha tumbaku. Alikuwa kambini Kigoma. Nilimpa ugali, tukazungumza, akanisimulia habari za mama mmoja mzee anayesuka vikapu, mkono wake wa kushoto umekunjamana kwa moto wa zamani. Nikalirudisha tonge sahanini. Anasema huyo mama huwaambia watu ana watoto wawili Mpanda, binti na kijana msomi. Kibali cha kuja huku hakupewa; Aprili vijana wa kompyuta walimwandika, na kila Ijumaa anakwenda mezani kwao kuuliza kama kuna jibu.

Jina lake Celestin halijui, yeye alimwita bibi tu kama walivyomwita wote. Lakini wewe unajua mama alimtoa nani kwenye moto, na mkono wake ulibakije.

Unajua sisi wakimbizi hatutoki nje ya makazi haya bila kibali; nimekiomba, nimekipata. Nikikitumia bure sitapewa kingine mpaka mwakani. Mtafute kwenye mashine yako. Ukiniambia ni yeye, nafunga mtoto mgongoni na kwenda.

Dada yako anayengoja,
Bernadetha


Dar es Salaam
12 Julai 1998

Dada,

Shikamoo, na hongera sana kwa mgeni. Mwambie shemeji apunguze maringo.

Nimetafuta kwa jina la mama, kwa kijiji, na kwa majina yetu sisi. Nimerudia siku tatu mfululizo. Hayumo. Najua utaumia, lakini afadhali ukweli. Mashine haina upendeleo wala haisahau, kilichoingia kinaonekana. Kama angeandikwa Aprili, ningemwona Aprili hiyo hiyo. Baada ya vita ile wanawake walioungua mikono ni wengi, dada. Celestin amekula ugali wako akataka kukulipa kwa maneno matamu.

Usimtese mtoto mchanga kwenye mabehewa kwa habari za mpita njia. Kitunze kibali chako.

Mdogo wako,
Venant


Dar es Salaam
3 Novemba 1998

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote ni wazima. Sijui kama utanijibu salamu ukimaliza kusoma.

Jumatano mwenzetu Dina wa ofisi ya Kigoma alikuja na sanduku la fomu za karatasi, akauliza kwa nini watu wake hawaonekani kwenye orodha. Ni fomu mia mbili na kumi na mbili. Zote zilifika kwenye mashine yangu, mashine ikaona zina pengo, ikaziweka kando. Onyo halikuandikwa popote, kwa sababu mimi ndiye niliyeifunga mdomo. Diski mpya ilikuja Mei. Kwanza nilisahau kurudisha ngazi, na nilipokumbuka nikaona utulivu ni mtamu, nikaacha. Sitaki kukudanganya hata kwa hilo.

Fomu ya mama imo. Imeandikwa tarehe 21 Aprili. Anaotafuta: Bernadetha na Venant, Mpanda. Kila kitu kimejazwa isipokuwa jina la mume, na pembeni kijana ameandika kwa kalamu: anakataa kutaja.

Wewe na mimi tunajua kwa nini. Mama hajawahi kulitamka jina la baba maishani mwake. Hata siku baba anakata roho alimwita baba Bernadetha, kwa sababu kwao mwanamke mwenye heshima halitaji jina la mumewe mbele ya watu, sembuse mbele ya kijana asiyemjua. Na mimi ndiye niliyeiagiza mashine ikatae fomu ya mwanamke aliyeolewa isiyo na jina la mume. Mimi, niliyelelewa kwenye nyumba hiyo.

Nenda, dada. Nimeomba ruhusa nije mwenyewe, mkubwa amekataa mpaka nizimalize fomu zote. Nimepiga simu Kigoma siku nzima, laini imekufa. Nenda na hicho kibali, nakuomba.

Mdogo wako,
Venant


Katumba, Mpanda
10 Januari 1999

Venant,

Sisi wazima. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tatu Novemba, kesho yake nikapanda gari moshi na mtoto. Kaliua tulingoja la Kigoma siku mbili. Kambini nilikuta kibanda cha mama kinakaliwa na watu wengine. Jirani yake, anaitwa Hana, alinitazama usoni akaanza kulia kabla sijasema mimi ni nani.

Hana amenisimulia yote. Mama alikwenda mezani kila Ijumaa, miezi mitano. Kila Ijumaa waliangalia, wakamwambia hakuna jibu. Siku moja aliuliza kama mashine inaweza kukosea, kijana akamwambia haikosei. Sikushangaa. Maneno hayo nilishayasoma kwa mwandiko wako.

Mwezi wa tisa alirudi kutoka mezani, akakaa mlangoni, akamwambia Hana: "Watoto wangu si watu wa kuninyamazia. Wangekuwa hai wangejibu."

Akawaomba majirani wakae naye matanga. Walikaa siku nne, wakaleta maharage na kuni, wakatuimbia wewe na mimi nyimbo za wafu. Siku ya tano alimwachia Hana vikapu, akavuka mpaka kurudi Burundi na wanawake wanne, kwa miguu, vita ikiendelea. Alisema upande huu hana tena wa kumngoja. Hakuna anayejua walikofika.

Nilikuwa na kibali mkononi tangu Juni. Niliambiwa nikitunze, nikakitunza. Sehemu ya hasira zangu ni ya hapo, najikasirikia mwenyewe kwa kumwamini msomi kuliko Celestin aliyeuona mkono kwa macho yake. Zilizobaki ni zako.

Usije Pasaka. Siwezi bado kukutazama. Na usiniandikie kwamba sasa umeifungua mashine inaandika yote, maana najua umeifungua, na najua unakesha unaisoma. Isome. Kuna wengine mia mbili na kumi na mmoja.

Padri ameniuliza Jumapili mama nimwombee pamoja na walio hai au pamoja na marehemu. Mimi nanyonyesha, napalilia, sokoni naitwa mama Agape, na huko aliko mama yangu, kama yuko, ameshanizika. Sina wa kumtuma akamwambie kwamba nipo.

Bernadetha