Araki Uliyoniletea Wodini

Mpendwa shemeji,

Sijui uko Nesitu au umeshavuka mpaka wa Nimule, kwa hiyo barua hii naiacha wazi kwa madereva wa malori. Atakayekukuta akusomee. Kazi ya zege imenichosha na shule yangu ilikuwa fupi, basi nasema moja kwa moja.

Unakumbuka boriti iliponivunja mguu kazini pale Atlabara? Ndani ya lori la kunipeleka hospitali nilikuwa nacheka, ukashangaa. Kumbe, daktari ananiambia, mwili una dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu, na wataalamu wameijua juzi tu. Tulipofika hospitali ikawa imeisha nguvu, nikalia, nikachomwa mofini. Ndipo ulipotoka, ukarudi na chupa ya araki, ile pombe kali, ndani ya koti.

"Mimi iko shemeji yako," ulisema. "Naweza kuja kwa mgonjwa mikono mitupu? Watu ya kwetu watasema nini?"

Ukaninywesha nyingi kuliko uliyokunywa wewe, heshima ya shemeji. Pumzi yangu ikaanza kupotea, ukakimbia kumwita daktari. Akanichoma dawa nyingine. Nikaamka na maumivu yote kwa mpigo, nikakutukana wewe, baba yako, na wale ng'ombe wembamba mliowatoa kwa mahari ya dada yangu. Ukatoka. Hujarudi mpaka leo.

Sasa sikia alivyonieleza daktari. Kwenye ubongo na mishipa ya fahamu kuna kama viti vidogo, yeye anaviita vipokezi. Mofini ikivikalia, habari ya maumivu haipiti. Ila viti kama hivyo viko pia panapoongoza pumzi, navyo inavikalia. Araki haina kiti humo, lakini nayo inalaza pumzi kwa njia yake. Dawa ya pili inaiondoa mofini, inakaa pale bila kufanya kazi yoyote, kama bwana mkubwa ofisini. Maumivu yanarudi, na pumzi inarudi.

Basi yale matusi uliyoyakimbia yalikuwa pumzi yangu ikirudi. Daktari mwenyewe alicheka: "Huyu amepona, anatukana vizuri."

Mguu umeunga, nachechemea kidogo tu. Sina kinyongo, nina upweke. Dada yangu anakupikia bado, chakula nakula mimi. Kila siku namshauri aolewe na yule fundi wa matofali mwenye baiskeli. Anakataa. Rudi kabla hajanisikiliza.

Ni mimi, shemeji yako, ninayepumua vizuri.